Tia Chumvi Kwenye Samaki, Siyo Kwenye Maji

Wadogo zangu, mnanichosha. Kila baridi ikiingia nawaona mtoni kabla ya jua kuchomoza, vidole vimekufa ganzi, nzi wa bandia wa kiangazi, ndiye chambo chenu, kafungwa kwenye mshipi. Ikifika saa nne asubuhi, wakati trauti, samaki wa maji baridi mnayemtafuta, ndiyo kwanza anafikiria kufungua mdomo, ninyi mko garini, hita inaunguruma, mnaambizana kwamba mto umekufa. Mto haujafa. Sisi tuliowatangulia tulisema hayo hayo, tena ndani ya magari mabovu zaidi.

Nawaandikia kwa namba, maana najua hamsomi kisicho na namba.

1. Laleni. Trauti hana joto lake mwenyewe. Maji yakishuka hadi nyuzi 4 hivi za Selsiasi, mwili wake hupunguza kila kitu, hata kusaga chakula, kwa hiyo hana sababu ya kukimbiza chochote. Muda wenu ni saa nne hadi saa tisa. Nendeni na kipimajoto: maji yakipanda nyuzi moja tu adhuhuri, hiyo ni habari kubwa kuliko nzi yeyote mliyemnunua. Na acheni kuyachapa maji ya kasi. Maji baridi hubeba oksijeni nyingi, samaki halazimiki kuifuata kwenye povu. Yuko chini, kwenye kidimbwi chenye kina, pale mkondo unapokwenda mwendo wa mtu asiye na haraka.

2. Ongeza chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, kabla ya kubadilisha nzi. Basi.

Hapana, ngoja. Kuna kijana nilimtazama akibadilisha nzi mchana kutwa, akamaliza boksi zima, na hakuna hata mmoja aliyegusa chini. Nimfu wake, yaani nzi wa bandia wanaoiga wadudu wachanga wa majini, walikuwa wazuri ajabu, kawafunga mwenyewe. Jioni akanionyesha boksi lote, mmoja baada ya mwingine, akitaka nimwambie kosa liko kwa nani kati yao. Mdudu mkuu wa majira haya ni usubi, kwa hiyo nzi wa kumwiga hufungwa kwenye ndoano ndogo sana, namba 20 hadi 24. Mwenye macho ya umri wangu afunge tipeti, ule uzi mwembamba wa mwisho unaoshika nzi, nyumbani penye taa.

3. Barafu kwenye pete za ufito wa kuvulia, zile mshipi unamopita: chovya ufito majini, subiri ilegee. Ukiigonga utavunja ncha, kisha utakuja kutuambia kwamba samaki alikuwa mkubwa mno.

4. Changarawe. Trauti wa kahawia hutaga majira ya vuli hadi baridi inapoanza, na mayai hukaa chini ya kokoto baridi nzima. Kiota ni pale palipofagiliwa, rangi imepauka kuliko kitanda cha mto kinachopazunguka. Usipakanyage. Ukiona samaki wamesimama juu yake, waache na shughuli zao. Mzee mmoja alituhutubia kuhusu kuulinda mto, mguu wake wa kushoto ukiwa katikati ya kiota tangu salamu hadi tamati. Nilipomwonyesha, akasema ndiyo maana alisimama pale: alikuwa anakilinda.

5. Sasa tuje kwenye uongo. Hewa ikiwa chini ya sifuri, matamvua ya samaki huanza kuganda ukiwa bado unatafuta simu. Abaki ndani ya wavu, majini. Hasara ni kwamba hutakuwa na picha nzuri. Faida pia ni hiyo hiyo.

Uongo wa samaki siukatazi. Bila huo jioni za baridi ni ndefu. Lakini danganyeni kwa akili: chukua urefu, uzidishe kwa mzingo, yaani duara la mwili wake palipo panene, uzidishe tena kwa mzingo, ugawe kwa 29,000. Ukipima kwa sentimita, utapata makadirio ya kilo. Samaki wa sentimita 50 mwenye mzingo wa 28 hafiki hata kilo moja na nusu, kwa hiyo ukija na kilo tatu, wazee watainamisha vichwa kukuonea huruma. Na ukweli wenyewe wakati mwingine hauaminiki. Mwaka 1992, kwenye mto Little Red huko Arkansas, Marekani, Rip Collins alimtoa trauti wa kahawia wa zaidi ya kilo 18 kwa chambo kidogo cha manyoya na mshipi wa kuhimili ratili 4 tu. Angekuja na habari hiyo kwa maneno matupu, bila mizani, tungemwambia akalale.

6. Hii ndiyo sababu ya kuandika, mengine nilikuwa nazunguka.

Jioni moja tulikuwa wengi, kila mtu na chake, na mimi kama mkubwa wao nikaachiwa neno la mwisho. Nikasimulia kivuko cha juu ya kona, Januari, theluji inaanguka: nilivuka maji yakiwa kifuani, ufito nimeuuma kwa meno, na ng'ambo nikamnasa trauti ambaye sitawapa vipimo vyake leo. Walicheka, wakapiga meza. Ukweli ni kwamba wiki ile bwawa la juu lilikuwa limepunguza maji. Yalinifika juu kidogo ya goti. Nilikuwa na mkongojo, na rafiki yangu alisimama chini ya mkondo akinisubiri.

Kijana mmoja mkimya hakucheka. Alikuwa anasikiliza. Asubuhi akaniuliza kivuko kiko wapi hasa, na mimi, kwa kiburi nilichokuwa nacho, nikamwonyesha kwa kidole.

Akafika katikati, maji kiunoni, jiwe likateleza. Hakuwa na mkanda juu ya suruali ya majini. Mnaambiwa suruali ikijaa maji inakuzamisha. Si kweli, maji ndani ya maji hayana uzito, utayahisi unapojaribu kutoka. Kinachoua kwanza ni ile pumzi unayoivuta kwa nguvu baridi inapokupiga, kama mdomo uko chini ya maji. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, anafundisha kwa hesabu fupi: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za mikono na miguu kutii, saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Huyu wetu alibahatika. Mkondo ulimsukuma hadi kwenye maji mafupi, tukamvuta.

Alitetemeka, meno yakigongana, kisha akatulia. Nikafurahi kwamba ametulia! Akasema yuko sawa, anataka kurudi kutafuta ufito wake. Dada mmoja kati yetu, asiye wa maneno mengi, ndiye aliyejua kwamba mtu wa baridi akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, mambo yameharibika. Alikata kamba za viatu kwa kisu, akamvua kila kilicholowa, akamfunika garini, na chai ya sukari akampa tu alipoweza kushika kikombe mwenyewe. Mimi wakati huo nilikuwa nimesimama nje nikipanga nitajieleza vipi.

Sauti iliporudi, yule kijana akamwambia: "Lakini mzee alivuka yakiwa kifuani." Dada akanitazama. Nikasema siku ile mkondo ulikuwa tofauti. Yaani nikatia chumvi juu ya chumvi, mbele ya mtu aliyefunikwa mablanketi manne. Ukweli niliusema baadaye sana, mbele ya watu wale wale, na hakuna aliyepiga meza.

Yule kijana sasa ni mvuvi mzuri kuliko mimi. Anaisimulia ajali ile mwenyewe, na kila mwaka maji yanapanda. Mara ya mwisho yalifika shingoni. Namkatiza kila mara: kiunoni. Ananikasirikia, lakini kuna wageni wanasikiliza.

7. Yaliyobaki ni ya haraka. Chini ya bwawa maji hupanda bila tone la mvua, kwa hiyo soma ratiba ya kufunguliwa kwake, kisha chagua jiwe ukingoni na ulitazame kila mara. Likizama, toka. Mkanda ufungwe hata kwenye maji ya goti. Soli za felti, kitambaa kizito cha sufu iliyoshindiliwa, huokota theluji mpaka unatembea juu ya mabonge, na hubeba vijidudu na mwani kutoka mto hadi mto. New Zealand ilizipiga marufuku kwa wavuvi mwaka 2008. Vaa za mpira zenye misumari. Nguo kavu ziwe garini, na ufunguo wa gari uwe kwako, siyo kwa rafiki aliye ng'ambo.