Maswali na Majibu: Seva imekubali faili, lakini jina halionekani

SWALI: Mhariri, ninafanya kazi katika ofisi ya uwakala wa forodha jijini Tanga, ambako programu yetu ya kufuatilia mizigo ya bandarini iliandikwa kwa Java na kuendeshwa kwa muda mrefu kwenye seva ya JBoss 5. Tumehamia WildFly, seva iliyoirithi JBoss, na sasa kila programu inapokitafuta kijenzi cha EJB (kipande cha programu ya Java kinachoendeshwa ndani ya seva) kwa jina la forodha/HudumaMizigo/remote, hurudishiwa kosa la NameNotFoundException, yaani jina halikupatikana, ingawa seva ililipokea faili letu bila lalamiko lolote. Jina sahihi nilipate wapi?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, jina mlilonalo ni la zama ambazo kila seva ilijitungia utaratibu wake, kiasi kwamba kijenzi kilekile kilipewa jina moja kwenye JBoss na jingine kabisa kwenye GlassFish, seva nyingine ya Java. Toleo la EJB 3.1, lililotoka pamoja na Java EE 6 (kanuni za Java kwa programu za seva) mwezi Desemba 2009, ndilo lililoweka kanuni moja kwa wote: jina huanza na java:global, hufuata jina la programu, la moduli, kisha la kijenzi, na baada ya alama ya mshangao huja jina kamili la kiolesura (interface) ambacho kijenzi huitwa kupitia kwacho.

Tuseme faili lenu, yaani programu nzima, ni forodha.ear, na ndani yake mna moduli ya mizigo-1.2.jar. Jina litakuwa java:global/forodha/mizigo-1.2/HudumaMizigo!tz.mfano.Mizigo. Tazameni hiyo 1.2. Msipolitaja jina la moduli wenyewe, seva hulichukua kutoka kwenye jina la faili, kwa hiyo siku mtakayotoa toleo la 1.3 jina la zamani litakufa na kosa lilelile litarudi, pengine usiku wakati meli inasubiri. Andikeni module-name ndani ya ejb-jar.xml, faili la maelezo ya moduli, nanyi mtakuwa mmeliziba tundu hilo. Binafsi sioni sababu ya kuliacha wazi.

Hata hivyo sikushauri ulikisie jina hilo kwa kuunganisha vipande kichwani. WildFly inapopandisha programu huyaandika majina yote ya kila kijenzi kwenye kumbukumbu zake (logs), chini ya maneno «JNDI bindings for session bean» (JNDI ni huduma ya Java ya kutafuta vitu kwa majina), nawe unakili kutoka hapo herufi kwa herufi. Kumbukumbu zikiwa zimekwisha kufutwa, ingia kwenye jboss-cli, chombo cha kuiamuru seva kwa maandishi, na utoe amri /subsystem=naming:jndi-view. Wenye GlassFish wanayo amri ya asadmin list-jndi-entries.

Hukueleza kama anayekiita kijenzi yumo ndani ya seva au ni kompyuta ya karani iliyo nje, na hapo ndipo wengi wanaohamia WildFly hukwama. Jina la java:global ni la walio ndani ya seva. Java:app na java:module zina mipaka finyu zaidi, ya programu na ya moduli. Kwa kuwa jina lenu la zamani liliishia na remote, nadhani makarani wako nje, na wao watumie ejb:forodha/mizigo-1.2/HudumaMizigo!tz.mfano.Mizigo, wakiongeza ?stateful mwishoni endapo kijenzi hutunza hali ya mteja. Vijenzi vinavyoitana ndani ya programu hiyohiyo havihitaji kutafutana kwa majina. Alama ya @EJB juu ya kigeu inatosha.