Shela Nyeusi na Mswidi wa Mora

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 20, nachora sura za watu hapa Majengo, Moshi, kutoka kwenye picha za simu. Wateja wangu wengi ni wafiwa, wanataka picha ya marehemu ya kutundika sebuleni baada ya matanga. Sasa mama mmoja wa Marangu ameniletea picha ya bibi yake aliyejifunika shela nyeusi ya lesi, siku waliyomzika babu. Anaitaka kubwa. Mimi nina rangi za maji tu. Mgeni mmoja akanionyesha kazi za Anders Zorn wa Uswidi, akaniambia huyo bwana alimaliza kila kitu kwa rangi nne. Je, nikope nikanunue rangi za mafuta kwanza? Na hizo nne zinaitosha ngozi yetu?
Mchoraji, Majengo

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikope.

Mgeni wako amekuonyesha Zorn wa baadaye, mwenye marais wa Marekani. Rais Grover Cleveland alichorwa naye mwaka 1899, na ni kazi nzuri, ila wiki hii haikusaidii. Mwombe akutafutie za mwanzo. Zorn alizaliwa Mora mwaka 1860, akalelewa shambani kwa babu na bibi. Baba yake, Mjerumani mtengeneza bia, hakuwahi hata kumwona. Utotoni alikuwa akichonga wanyama wa mti, na alipoingia Chuo cha Kifalme cha Sanaa pale Stockholm mwaka 1875 alinuia kuwa mchongaji.

Mwaka 1880 wanafunzi wakaonyesha kazi zao. Yeye akatoa picha ya msichana aliyevaa shela nyeusi ya msiba, akaiita I sorg, yaani Katika Majonzi. Alikuwa na umri wako, na picha ile ni ya rangi za maji. Walioiona wakaanza kumwagiza awachoree watu wao. Mwaka uliofuata aliitwa kuchora mtoto wa familia moja yenye uwezo, na humo ndimo alimokutana na Emma Lamm, shangazi wa mtoto. Walioana mwaka 1885, baada ya kijana kwenda Hispania na London kutafuta jina na kipato, bado kwa rangi za maji. Mafuta aliyashika kwa dhati karibu na 1888 huko St Ives, Uingereza. Kwa hiyo mtu huyu alijenga jina na kuoa kabla ya hayo mafuta unayotaka kuyakopea.

Rangi nne ni kweli, lakini ni habari ya baadaye, ya mafuta: nyeupe, oka ya manjano (rangi ya udongo), nyekundu kali iitwayo vermilion na nyeusi. Katika picha aliyojichora mwaka 1896 utamwona na paleti, ubao wa kuchanganyia rangi, mkononi yenye rangi chache namna hiyo. Hakufungwa nazo, akihitaji bluu au kijani alichukua. Wewe karatasi ndiyo nyeupe yako, kwa hiyo zinabaki tatu.

Zinatosha ngozi yetu? Kwa bibi huyu, zinatosha. Ninaowafundisha hapa Kaloleni, Arusha, wengi wanafungua tyubu ya kahawia na kuipaka usoni kama wanapaka ukuta, halafu wanashangaa mteja anaposema picha haina uhai. Mkalishe mtu mweusi karibu na dirisha umtazame vizuri. Paji la uso linapokea mwanga wa anga, lina kijivu cha baridi. Nyeusi uliyoilainisha kwa maji, ikikaa jirani na nyekundu, jicho linaiona bluu. Shavuni kuna wekundu, hasa kwa wazee wa huko mlimani kwenye baridi. Chini ya taya, nyeusi na oka zinakupa kijani kizito cha zeituni, na hapo ndipo sura ya mtu inapopata mfupa.

Sasa shela. Sikwambii Zorn alifanyaje, nakwambia ninavyofanya mimi. Chukua karatasi nzito, ya gramu 300, ibane kwenye ubao pande zote. Chora uso wote kana kwamba hakuna shela, macho uyakoleze kuliko unavyodhani inafaa. Acha mpaka kesho. Kisha chukua brashi pana, nyeusi iliyozimuliwa kwa maji mengi, pita mara moja kutoka juu hadi chini, uache hapo. Ukirudia, uso wa chini unafumuka na bibi anageuka masizi. Ikikauka, ongeza weusi pale tu lesi ilipojikunja juu ya lesi. Maua ya lesi usiyachore yote, jamani! Machache yaliyo karibu na jicho yawe makali, mengine yapotee. Na ufanye hayo asubuhi na mapema, maana kwa joto la Moshi rangi inakauka kabla hujafika kidevuni na kuacha mistari. Sisi wa Arusha mwezi wa saba tuna tatizo la kinyume.

Jambo la mwisho, na kwangu ni zito kuliko rangi. Picha ya simu iliyopigwa kwa flashi imeshalaza uso. Muulize huyo mama ni nani katika ukoo amechukua mashavu ya bibi. Mwite, umkalishe dirishani nusu saa, umfunike shela, uchukue vivuli kwake. Sura ya bibi utaitoa kwenye simu.

SWALI: Mwalimu, mteja wangu anadai picha ya rangi za maji itafifia. Ni kweli au anatafuta kupunguziwa bei?
Dada wa Usa River

JIBU: Yote mawili yanawezekana. Mwanga unazila baadhi ya rangi za maji, ndiyo maana majumba ya makumbusho huzionyesha kwa muda mfupi na kwa mwanga hafifu. Mwekee kioo, na kati ya kioo na karatasi aweke fremu ya kadibodi ili visigusane, la sivyo unyevu utaleta ukungu. Asiitundike ukuta unaotazamana na mlango wa jua. Bei usipunguze.