Kwa mnaoanza utafiti wa antena nyingi: tazameni kwanza nani kakaa na nani

Wadogo zangu mnaoanza mradi wa mwaka wa mwisho au shahada ya uzamili hapa Dar, najua mnachokimbilia: kanuni mpya ya kuondoa mwingiliano wa ishara za watumiaji. Tulieni. Anzeni na watumiaji wawili tu, kwa kalamu na karatasi.

Mnara wa antena nyingi huhudumia watu kadhaa kwa wakati mmoja na masafa yaleyale. Mbinu ya kulazimisha sifuri hupanga ishara ya kila mmoja isimfikie kabisa mwenzake. Inapendeza, ila ina gharama. Chukueni chaneli mbili (njia za ishara toka mnarani hadi kwa kila mtumiaji) zenye ukubwa sawa, ufanano wake 0.9, pale 0 ikiwa hazifanani kabisa na 1 ikiwa zimeelekea sawasawa. Mwingiliano ukishafutwa, kila mmoja anabakiwa na 1 − 0.81, yaani 0.19 ya nguvu ambayo ingemfikia kwa utumaji uleule angekuwa peke yake. Ufanano ukiwa 0.3, anabakiwa na 0.91. Hesabu haikubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni nani kapangwa na nani.

Kwa hiyo abiria wawili waliobanana kwenye mwendokasi, mnara uko mbali na hakuna kizuizi, wapeni zamu tofauti. Aliye Kariakoo na aliye Jangwani, mnara ukiwaona pande mbili mbalimbali, wanaweza kushiriki zamu moja. Mpangilio huu wa zamu mara nyingi huokoa zaidi kuliko kanuni ya kurasa nne. Wasimamizi wengine hawatalipenda hilo, lakini lijaribuni.

Halafu huyo abiria hatulii. Kwa 3.5 GHz wimbi lina sentimita 8.6 hivi, basi la kilomita 50 kwa saa hupita nusu yake ndani ya milisekunde 3 tu. Kipimo cha chaneli kikichelewa, zile sifuri zinaangukia pasipo mtu. Wekeni kosa la kipimo kwenye simulesheni mapema. Kosa likibaki palepale na grafu yenu ya kasi ya data bado inapanda kila mnapoongeza nguvu, kagueni kodi ya programu: grafu ilitakiwa ilale.

Kelele ikiwa kubwa, ongezeni namba ndogo kwenye ulalo wa matriksi ya ufanano wa chaneli, ile ambayo kulazimisha sifuri huigeuza, kabla ya kuigeuza. Ni mstari mmoja wa kodi. Matokeo ya mtafiti Costa ya 1983 (kinadharia, mtumaji anayeujua mwingiliano mapema anaweza kutuma kana kwamba haupo) yawekeni kama dari la kujipimia, msihangaike kuyajenga. Na wenye mada ya antena mamia, someni makala ya mtafiti Marzetta ya 2010: kelele hufifia antena zikiongezeka, lakini ishara za pailoti (zile za kupimia chaneli) zinazorudiwa na minara jirani huendelea kuchanganyikana.