Mitiki yako ya Muheza

Keko, Dar es Salaam

Mwanangu Salma,

Marahaba. Unasema mitiki yako imetimiza miaka mitano, matawi yameshagusana, na bwana miti anataka ukate karibu nusu. Unaniuliza: "Mama, miti niliyoipanda kwa mkopo niikate kabla haijanilipa?"

Ikate, mwanangu. Ulipanda mita 3 kwa 3, basi kila eka ina miti kama 450, na yote haiwezi kunenepa. Ikisongamana hugombea jua, ikarefuka myembamba kama fito. Anza na iliyopinda, yenye panda na iliyodumaa. Utapunguza tena baadaye, hadi ibaki kama 100 kwa eka. Hiyo ndiyo ya kuvuna ikifika miaka 25 na zaidi, kiini cha kahawia kikiwa kimejaa. Mtiki mchanga sehemu kubwa ni weupe, na weupe huo mchwa wanautafuna.

Ila kinachonikosesha usingizi ni matawi, ambayo hukuyauliza. Miaka yote niliyouza mbao hapa Keko, fundi akija anageuza ubao, anapitisha kiganja, akikuta fundo anaurudisha. Fundo ni tawi ambalo mwenye shamba hakulikata mapema. Likipogolewa lingali jembamba kama kidole gumba, alama yake hubaki katikati ya gogo, na unene wote unaoongezeka juu yake ni mbao safi. Likiachwa likafia mtini, mti hulimeza likiwa limekufa. Ubao ukishakauka fundo hudondoka, likaacha tundu kwenye mlango wa mtu. Niliwahi kununua shehena nzima ya namna hiyo. Niliiuza kwa hasara, na iliniuma kwa sababu miti yenyewe ilikuwa mizuri.

Tumia msumeno. Panga huchana gome, kidonda kikaoza. Kata karibu na shina, lakini usiguse kile kivimbe tawi linapoanzia, wala usipogoe kupita nusu ya urefu wa mti.

Visiki vitachipua tu, mtiki ndivyo ulivyo. Rudi mvua zikinyesha uvunje machipukizi. Na nyasi zifyekwe kabla ya kiangazi, moto usije ukakutangulia.

Nikija mwezi ujao nitakuletea msumeno wa marehemu baba yako na kopo la rangi. Tutaizungushia rangi miti ya kubaki, si ya kukatwa.

Mama yako