Antena ya redio ya upepo kwenye gari la porini: jua kwanza utakakopita

Anayepanda Kitulo kupitia Isyonje na anayezunguka tambarare za Usangu wote huenda dukani kuulizia antena ndefu, kwa kuwa wameambiwa ndefu ndiyo yenye nguvu. Usangu ni kweli. Kitulo ni kutupa pesa bure.

Kwenye bendi ya redio ya VHF, megahezi 150, antena ya robo wimbi ina urefu wa kama sentimita 48, na mawimbi yake hutawanyika vizuri kwenda juu na chini. Ile ya tano-kwa-nane ya wimbi, yenye karibu mita 1.25, huyabana mawimbi yaende sambamba na ardhi. Penye tambarare utafika mbali zaidi. Ukiwa bondeni kule Makete na mwenzako yuko juu ya kilima, yale mawimbi yaliyobanwa yanaishia ubavuni mwa kilima, na gari likiinama nayo yanainama nalo. Kwa milima chukua robo wimbi. Kama unapita katikati ya misindano ya Sao Hill, weka yenye springi kwenye kitako, maana matawi hayana adabu.

Mahali pa kuifunga ni katikati ya paa. Antena ya robo wimbi inahitaji bati pande zote, na bati hilo ni nusu ya antena yenyewe. Ukiifunga kwenye ngao ya mbele, bodi inakula mawimbi ya upande wa nyuma. Kwenye kerieri, rangi na raba huizuia isipate ethi (mguso wa bodi), kwa hiyo unganisha kerieri na bodi kwa mkanda wa shaba baada ya kukwangua rangi. Kitako cha sumaku kinafaa gari la kukodi tu, na kwenye Defender hakishiki kabisa: bodi yake ni aluminiamu.

Kutoboa paa kunaogopesha, ila ndiyo kazi inayodumu. Kitako cha NMO kinataka tundu la milimita 19. Shusha silingi kwanza, paka grisi kwenye msumeno wa duara ili inase vumbi la chuma, na toboa polepole. Kwangua rangi upande wa ndani, pale meno ya kitako yanapouma bati. Fagia chenga zote, la sivyo paa litaota kutu kutokea ndani.

Sasa waya wa antena, ambao ndio unaoua redio nyingi. RG-58, ule mwembamba wa kawaida, wa mita 5 kwenye VHF hula karibu wati 10 kati ya 50. Kwenye bendi ya UHF, megahezi 450, hula zaidi ya theluthi, hivyo huko nunua LMR-240, waya unaopoteza kidogo. Urefu uwe ule unaohitajika tu, ziada ikate. Waya wa dishi la TV usiuguse. Wengi husema kosa lake ni omu 75 badala ya 50, lakini hilo peke yake lingevumilika. Shida kubwa ni kwamba wavu wake (nyuzi zinazozunguka waya wa katikati) mara nyingi ni aluminiamu, haushiki risasi ya kuchomelea, na msukosuko wa barabara ya vumbi huulegeza ndani ya wiki chache. Waya wako usiukunje penye kona kali, na unapopita kwenye bati weka raba.

Kiunganishi cha PL-259 kichomelee kwa risasi. Kukaza kwa koleo tu hakutoshi. Kisha pima kwa multimita: wavu hadi bodi isizidi omu 1, na kati ya waya wa katikati na wavu kusiwe na shoti. (Antena zenye koili kwenye kitako huonyesha shoti hata zikiwa nzima, kwa hiyo pima waya ukiwa umeifungua antena.) Kiungo cha nje kizungushie tepe ya mpira inayojishika yenyewe, halafu tepe ya kawaida juu yake. Mvua za Tukuyu hazisamehe: maji yakishaingia kwenye wavu yanatambaa ndani kwa ndani, na waya wote unakuwa wa kutupa.

Kukata antena ya robo wimbi: gawanya 7,125 kwa megahezi za masafa uliyopewa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, upate sentimita. Anza na sentimita 2 zaidi. Simama uwanjani mbali na miti, funga milango, punguza nguvu hadi wati 5, pima SWR (kipimo cha mawimbi yanayorudishwa na antena) kwenye masafa ya chini, ya kati na ya juu. Ikiwa ndogo zaidi upande wa chini, antena bado ni ndefu. Kata milimita 3, ambazo ni takribani megahezi 1, upime tena. Ukipata chini ya 1.5 acha. Juu ya 2 usikate ovyo: rudi ukaangalie ethi kwanza.

Umeme uchukue betrini moja kwa moja kwa waya wa milimita za mraba 4, fyuzi ya ampea 15 ikae jirani na betri. Tundu la kuwashia sigara halibebi redio ya wati 50. Malori mengi ni ya volti 24, kwa hiyo yanahitaji kipunguza volti.

Kwenye sanduku la spana weka fimbo ya akiba iliyokwisha kukatwa kwa kipimo cha gari lako, PL-259 mbili na tepe ya mpira. Baada ya masika fungua kiungo cha paani: ukiona shaba imegeuka kijani au nyeusi, kata sentimita 10 za waya ufunge upya.