Kabla hujagusa pasteli, amua kwanza giza litakaa wapi

Juzi dogo mmoja kanitumia picha ya kazi yake, sura ya mzee kaichora kwa mkaa mtupu, vizuri tu, halafu kofia ndo kaipiga pasteli nyekundu, vile vijiti vya rangi vinavyotoa vumbi kama chaki, akaniuliza kaka hii si itauzika? Nikacheka peke yangu, wala sio kumdharau, nilicheka kwa sababu ile ni kazi yangu mimi mwenyewe ya miaka ile. Picha nzima nyeusi halafu kitu kimoja kina rangi, wote tumepita humo, ni kama zile picha za harusi ambazo bibi harusi yuko kijivu na ua tu mkononi ndo jekundu. Siku ya kwanza inavutia. Siku ya tatu ushaichoka, maana mchoraji hakuamua kitu chochote, kofia ilikuwa nyekundu kwenye simu na yeye kaichora nyekundu, basi.

Nikaanza kumrekodia sauti, ikafika dakika kumi na moja, nikaona hapana, bora niandike.

Mi niko Dodoma. Mkaa nilianza nao kwa sababu ambayo haina usanii wowote, sikuwa na hela ya rangi. Nikawa nachukua mkaa wa jikoni. Usifanye hivyo, ntakuambia kwa nini, mkaa wa jikoni mwingi ni wa miti migumu, una michanga, kipande kinatoa weusi mzuri halafu sentimita mbili mbele kinachana karatasi kama msumari, na ukitaka kufuta hakifutiki. Nilihangaika nao karibu mwaka. Kumbe huko Ulaya mkaa wa kuchorea wanachoma vijiti laini, vya mti wa willow au vya mzabibu, na mizabibu sisi ndo kwetu, Hombolo, Mpunguzi, Mvumi, watu wakishavuna wanapogoa na yale matawi mengi yanaishia kuwa kuni. Yaani nilikuwa nalala njaa juu ya gunia la mchele.

Kuutengeneza ni hivi. Chukua kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko wa bati, panga humo vijiti vikavu vya unene wa penseli, umevimenya maganda, toboa tundu dogo kwenye mfuniko, weka kwenye moto. Moshi utatoka kwenye tundu, mwingine unashika na moto kabisa, usishtuke. Ukiona moshi umekata, toa kopo, acha lipoe mpaka unaweza kulishika kwa mkono. Mi mara ya kwanza nilikuwa na haraka nikafungua la moto, hewa ikaingia, vijiti vyote vikawaka mbele ya macho yangu vikabaki majivu.

Mkaa wa hivi ni mwepesi, unafutika hata kwa kidole, kwa hiyo ndo wa kuanzia. Ule mwingine wa dukani uliogandamizwa, una gundi ndani yake, ni mweusi tii lakini ukishaupiga hapo umeupiga, haurudi nyuma. Mi nauweka mwisho kabisa, sehemu tatu nne tu. Ukiona mchoro wa mtu umekuwa mzito kama lami kila mahali, ujue kaanza na huo.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe maana hapo ndo penye somo langu.

Mama mkubwa wangu ana kishamba cha zabibu huko Hombolo. Nilienda siku moja nikamkuta kakaa chini anachambua zabibu, anatoa zilizooza, kanga kajitanda kichwani kwa ajili ya jua. Nikampiga picha kadhaa za simu na nikachora mistari ya haraka kwenye daftari, nikarudi mjini. Toleo la kwanza ndo lile lile la dogo, mama mkubwa mweusi kwa mkaa, kanga ya njano na nyekundu kwa pasteli. Ilipata sifa mtandaoni sana tu. Ila kila nikiiangalia nikawa naona kanga, simwoni mama mkubwa. Jicho la mtu linakimbilia rangi kwanza, ukiiweka rangi kwenye nguo ujue umemwambia mtazamaji aangalie nguo, na mimi sikwenda Hombolo kuchora kanga.

Nikageuza. Kanga yote nikaichora kwa mkaa, pindo, mji, mpaka yale maandishi, na rangi nikaipeleka kwenye ngozi yake peke yake.

Hapo kuna kitu wengi wetu tunakikosea, tunachora ngozi nyeusi kwa rangi nyeusi. Nenda kamwangalie mtu mweusi saa nne asubuhi juani, mwangalie kweli, sio kumkumbuka. Kwenye paji la uso kuna bluu, ni anga ile inajitazama kwenye ngozi. Chini ya kidevu kuna chungwa hafifu, kwa sababu udongo wa shamba ni mwekundu na jua linagonga chini linarudi juu. Pembeni ya pua kwenye kivuli kuna zambarau na ile rangi ya damu ya mzee. Weusi wenyewe wa kweli, ule wa mkaa mtupu, kwenye uso wa mama mkubwa niliupata sehemu mbili, ndani ya tundu la pua na mstari wa kope. Basi. Kwingine kote ni rangi zinazojifanya nyeusi.

Nilipomwonyesha kwenye simu ikiwa nusu akaniambia, "Mwanangu, mbona umenitia bluu kama maiti?" Nikamwambia shikamoo mama mkubwa, subiri kwanza. Lakini nilirudi nikaiangalia na alikuwa sahihi, bluu ilikuwa imekaa peke yake bila joto la chini. Nikaongeza rangi ya ugoro pembeni na chungwa kwenye taya, bluu ikatulia ikawa mwanga. Kwa hiyo mwonyeshe kazi mtu asiyejua sanaa, atakuambia neno moja baya ambalo rafiki zako wasanii watalizunguka kwa heshima.

Karatasi nilitumia ya kaki, ile ya kufunikia madaftari, ila nene. Hili nalo ni uamuzi. Manila nyeupe inateleza, pasteli haishiki, vumbi linaanguka tu miguuni, halafu weupe wake unakulazimisha ujaze kila kona. Kaki tayari ni rangi ya kati, kwa hiyo unaongeza giza upande mmoja na mwanga upande mwingine, na sehemu nyingine unaiacha karatasi ifanye kazi. Bega lote la kushoto la mama mkubwa sikuligusa, ni kaki na mstari mmoja. Ubaya wake kaki ya kawaida ina asidi, miaka ikienda inakuwa nyeusi na inakatikakatika, kwa hiyo mi naitumia kwa kazi zangu na za majaribio, mteja akilipa vizuri namtafutia karatasi ya pasteli ya rangi ile ile ambayo haina asidi. Na huwa namwambia ukweli.

Kuchanganya mkaa na pasteli ndo wengi wanaharibia. Ukipiga pasteli nyepesi juu ya mkaa uliolegea unapata tope, kijivu cha maji ya kufulia, na kadiri unavyoongeza ndo linazidi. Mi nafanya mchoro kwa mkaa, halafu nagonga ubao kwa nyuma vumbi lianguke, ile sehemu ya ngozi naifuta karibu yote kibaki kivuli tu cha mchoro, ndo naanza pasteli, nikianzia za giza nakuja kwenye za mwanga. Degas, yule mchoraji Mfaransa aliyechora sana wacheza baleti, alikuwa anaweka pasteli juu ya mkaa hivi hivi, tabaka juu ya tabaka, na katikati anapuliza dawa ya kukazia ili la chini lisichafue la juu. Nyeupe mi naiweka mwisho, na kwenye hii kazi ni nukta mbili za macho na tone la jasho juu ya mdomo. Ningependa niseme niliamua hivyo kwa hekima, ukweli kijiti cheupe kilikuwa kimeisha.

Halafu uwe makini dukani, kuna pasteli za vumbi na kuna pasteli za mafuta, steshenari nyingi zinaita zote pasteli na wengine wanaita krayoni. Za mafuta ni nzuri kivyake lakini ukizipitisha juu ya mkaa zinaubeba mkaa zinausambaza, na hazikauki moja kwa moja. Mpaka uzizoee, usizilaze kitanda kimoja.

Kuhusu kufuta. Mkono wa mama mkubwa niliuchora mara tatu, kwa sababu alikuwa haachi kuchambua, kila mchoro wangu wa daftari mkono uko mahali pengine. Nikafuta ule wa kwanza, ukabaki kama moshi. Nikafuta wa pili, ukabaki vilevile. Zamani ningetafuta raba mpya nisafishe. Ila nikamkumbuka William Kentridge wa Johannesburg, tangu 1989 huko anatengeneza filamu za mkaa, anachora, anapiga picha kwa kamera, anafuta, anachora tena palepale, na alama za kufuta anaziacha zionekane, ndo zinazokuonyesha kwamba muda umepita. Nikaiacha mikono ya moshi. Sasa hivi ukiitazama unaona mkono unafanya kazi, na hicho ndo kitu pekee kwenye picha hii ambacho wachoraji wenzangu wote huniuliza. Kwa kufutia tumia ile raba ya kukanda kama udongo kama unaipata, ukikosa tumia ndani ya mkate, kabla ya raba wachoraji walikuwa wanatumia mkate. Uwe mkate mkavu usio na mafuta, mi siku moja nilitumia wa siagi nikabaki na doa la mafuta shavuni mwa mtoto wa watu.

Dawa ya kukazia ya kweli ni ghali, wengi tunatumia spreya ya nywele ya saluni. Inakaza, sikatai, ila baadhi zinakuwa njano baadaye, na hata ile ya kweli inatia giza kwenye pasteli, rangi nyepesi zinazama kidogo. Jaribu kwenye kipande kwanza, puliza kwa mbali, mara chache, picha ikiwa imesimama. Mi mkaa naukaza, pasteli ya juu kabisa siipulizi, naiachia kioo kiilinde.

Na hapo kwenye kioo nililia. Kuna oda moja niliipeleka kwa fundi fremu, akaniambia kioo kitavunjika njiani, tuweke plastiki ngumu, nikaona ana akili. Plastiki ile ukiipangusa inapata umeme wa msuguano, inavuta vumbi, na mkaa wangu ni vumbi. Tena akaigandisha kwenye karatasi bila nafasi. Ilipofika Dar kwa basi nusu ya uso wa mteja ilikuwa imehamia kwenye plastiki. Hela nilirudisha yote. Kioo kiwe kioo, na kati ya kioo na picha ipite kadi nene ya kuzunguka pembeni ili visigusane, fundi akikuambia haina haja tafuta fundi mwingine.

Vumbi lenyewe usilipulize kwa mdomo na usichore chini ya feni. Vaa barakoa, kuna rangi za pasteli zina madini ambayo sio ya kuvuta, na sakafu pangusa kwa kitambaa kibichi, ufagio unalirudisha hewani.

Dogo kaniuliza pia, sasa kaka rangi nianze lini? Sina jibu la miezi. Odilon Redon, mchoraji mwingine Mfaransa, yeye wa Bordeaux, alizaliwa 1840 na mpaka anakaribia miaka hamsini kazi zake zinazojulikana zilikuwa nyeusi tupu, mkaa na litografia, yaani picha za kuchapa kwa jiwe, ndipo miaka ya 1890 akahamia kwenye pasteli na rangi zikalipuka. Sisemi usubiri hivyo, utakufa njaa. Ila ukiweza kuniambia kwenye mchoro wako wa mkaa giza zito kuliko yote liko wapi na kwa nini liko hapo, nenda kanunue pasteli kesho, vijiti kumi vinatosha, hamna haja ya boksi la hamsini.

Kitu cha mwisho nilichoamua kwenye ile picha ni maandishi ya kanga. Kwenye picha ya simu yanasomeka yote. Nikiyaandika yote mtu anasoma, anamaliza, anaondoka, kwa hiyo nikayakunja ndani ya mikunjo, zikabaki herufi nne tano za mwanzo na mbili za mwisho. Picha sikuiuza, iko Hombolo sebuleni kwake, pembeni ya kalenda, mbali na dirisha. Wageni wakija wanamuuliza hii kanga imeandikwaje, na binamu yangu ananiambia mpaka sasa kila mgeni anapewa jina tofauti, kutegemea mama mkubwa siku hiyo ana ugomvi na nani.