Kabla Njia Panda ya Tabora Haijabadilika

Kwa sisi tuliokulia katika safari za Reli ya Kati, jina la Tabora linakumbusha ile saa ndefu ambapo treni moja iliyotoka Dar es Salaam ilikatwa ikawa mbili, mabehewa ya Mwanza yakashika njia ya kaskazini na ya Kigoma yakaendelea magharibi. Nilipita hapo kila likizo nikienda kwa bibi yangu Kigoma, na mapenzi yangu kwa reli yalianzia kwenye dirisha la behewa lililosimama stesheni ya Tabora. Sasa reli ya kisasa, yaani SGR, inajengwa kuelekea huko, na vijana wapenda reli wameanza kuniuliza wahifadhi nini kabla mambo hayajageuka. Ushauri wangu unatokana na kosa nililolifanya mwenyewe.

Kwa miaka mingi nilipiga picha za vichwa vya treni tu. Ninazo za mbele, za ubavuni, za asubuhi na za jioni. Siku nilipotaka kumweleza mwanangu jinsi treni ilivyokuwa ikigawanywa, nilifungua picha zote nikakuta hakuna hata moja inayoonyesha mtu akiwa kazini. Hazikuwemo picha za anayegeuza njia, za gadi, yaani msimamizi wa treni, akiwa na taa yake, wala za maungio ya mabehewa. Nilikuwa nimehifadhi chuma nikaiacha kazi yenyewe, na kazi ndiyo inayoifanya njia panda kuwa njia panda.

Kwa hiyo nilikwenda kumtafuta mzee mmoja mstaafu aliyewahi kupanga mabehewa pale. Alinieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno: jinsi alivyoinama kuingia kati ya mabehewa mawili, akasubiri kichwa cha treni kisukume kidogo ili maungio yalegee, akatenganisha mpira wa breki ukatoa mlio wa hewa, akafungua maungio, kisha akajitoa kando na kuinua taa ya kijani usawa wa bega ili dereva aione. Niliikumbuka ile mitikisiko miwili, wa kwanza mdogo na wa pili mkubwa, iliyokuwa ikiniamsha usingizini kwa bibi yangu bado kuko mbali, na kwa mara ya kwanza nikaelewa ilisababishwa na nini. Tafuteni wazee wa namna hii kwanza, kwa sababu jengo la stesheni litawasubiri, ila wao umri umeshakwenda.

Ni vizuri pia kuelewa ni kitu gani hasa kinachobadilika, ili usihifadhi kwa kubahatisha. Reli iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini wakati huo Tabora ilikuwa stesheni ya njiani tu. Ilikuwa njia panda baada ya Waingereza kujenga tawi la kaskazini, lililofika Mwanza mwaka 1928. Reli hiyo ina upana wa mita moja, ilhali SGR ina milimita 1,435, na kwa sababu hiyo behewa la reli ya zamani haliwezi kuingia kwenye reli mpya hata kwa hatua moja. Tabora itabaki njia panda katika SGR pia, kwa kuwa kipande cha kwenda Isaka na Mwanza na kile cha kwenda Kigoma vyote vinaanzia hapo, lakini treni zake zinaendeshwa kwa umeme na zina utaratibu wake. Mimi naifurahia SGR kwa dhati. Nilipanda kwenda Dodoma baada ya safari hizo kuanza mwaka 2024, na sitamani mtu yeyote arudi kukaa siku nzima njiani kwa ajili ya kumbukumbu zangu.

Mkifika stesheni, nendeni moja kwa moja kwa stesheni masta mkaombe ruhusa kabla ya kutoa kamera au simu mfukoni. Wakati mmoja, katika stesheni nyingine, nilianza kupiga picha bila kumwambia mtu, nikashikiliwa saa mbili na kuamriwa kufuta kila kitu, na waliofanya hivyo walikuwa na haki, kwani reli ni miundombinu inayolindwa. Tangu nilipoanza kujitambulisha na kueleza shabaha yangu, nimeonyeshwa mengi ambayo nisingeyaona kwa kujificha. Msivuke reli kutafuta picha nzuri. Behewa linalosukumwa huja kimya kuliko mnavyodhani.

Sauti nazo zirekodiwe. Rekodini honi, kengele ya stesheni, wachuuzi wa asali wakipita chini ya madirisha, na hata ule ukimya unaofuata baada ya nusu ya treni kuondoka. Andikeni tarehe, saa, na upande mliosimama, kwa sababu picha isiyoonyesha ipi ni njia ya Mwanza na ipi ya Kigoma haitamsaidia mtu baada ya miaka ishirini.

Katika makumbusho ya reli ya Nairobi nilisimama mbele ya injini ya mvuke namba 3020 iitwayo Nyaturu, jina la watu wa Singida, iliyobaki huko tangu enzi za shirika la pamoja la reli la Afrika Mashariki, lililovunjika mwaka 1977. Nilishukuru kwamba imetunzwa, kisha nikatafuta maelezo ya mtu aliyekuwa akiitunzia moto wake, nisiyapate.

Mwezi uliopita nilimrudia yule mzee nikamsomea maelezo yake kama nilivyoyaandika. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nimekosea mpangilio: mpira wa breki hutenganishwa kwanza, maungio baadaye, na taa haiinuliwi mpaka miguu yote miwili iwe nje ya reli. Nimesharekebisha, na wiki ijayo narudi kumsomea tena.